Mazungumzo kwa Watumishi na Wakaazi: Kubadilisha Seva ya Barua Iliyokuja na Kompyuta

Ukurasa huu unachapisha kwa ukamilifu matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali wanaosimamia masjala na vyumba vya kompyuta, pamoja na wakaazi wanaoziandikia Afisi za Serikali kwa barua pepe. Wakuu wa Idara wanaombwa wayasome pamoja na watumishi walio chini yao, na nakala moja ibandikwe mahali pa matangazo.



Kila Afisi ya Serikali inamjua tarishi wake. Barua ikishatiwa sahihi hupelekwa masjala, huandikwa katika daftari la dispachi, hukabidhiwa tarishi, na mwenye kuipokea upande wa pili hutia sahihi yake katika daftari hilo hilo. Kazi ya daftari ni kuondoa ubishi. Barua ikipotea, daftari hufunguliwa ili ijulikane ni mkono gani wa mwisho ulioishika.

Barua pepe nayo ina tarishi wake. Huyo ni programu inayokaa ndani ya kompyuta ya kati, yaani seva, ikisubiri mchana na usiku katika mlango wa mtandao wenye namba 25. Hupokea barua zinazotoka nje na kuzitia katika masanduku ya wenyewe, na huchukua barua za ndani na kuzifikisha kwa seva za wengine. Mazungumzo baina ya seva mbili huendeshwa kwa kanuni ziitwazo SMTP, zilizoandikwa na Jon Postel mwezi wa Agosti 1982 na kurekebishwa mwaka 2001 na tena 2008.

Ndani ya kanuni hizo limo jambo linalofanana kabisa na sahihi ya dispachi. Seva inayopokea ikishajibu kwa namba 250 baada ya mwisho wa barua, dhamana ya barua hiyo imehama. Tokea dakika hiyo, seva iliyojibu inawajibika ama kuifikisha barua, ama kumwarifu aliyeileta kwamba haikuwezekana. Hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu nyepesi, kama vile kompyuta kuzimika baada ya kuipokea.

Mkaazi wa Micheweni anayeulizia kiinua mgongo cha marehemu mumewe haijui namba 250, wala hana haja ya kuijua. Anachojua ni kwamba ameandika na anangoja jibu. Kwa sababu hiyo, swali la programu ipi ikae katika mlango namba 25, na ibadilishwe vipi, ni swali la masjala kabla ya kuwa swali la mafundi.

PROGRAMU ILIYOKUJA NA MASHINE

Seva nyingi za barua duniani huendeshwa kwa mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux, FreeBSD, OpenBSD na NetBSD. Mfumo wa namna hiyo unapowekwa katika kompyuta, mara nyingi huja na programu ya barua ambayo mwenye mashine hakuichagua. Kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa Sendmail.

Sendmail iliandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Alianza na programu ndogo iliyoitwa delivermail, iliyotoka mwaka 1979 pamoja na Unix ya chuo hicho. Sendmail yenyewe ilifuata mwaka 1983. Wakati huo mitandao ilikuwa mingi, na kila mmoja ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani. Uhodari wa Sendmail ulikuwa katika kutafsiri. Iliweza kuipokea anwani ya mtandao mmoja, kuigeuza kwa kanuni zilizoandikwa katika faili lake la mipangilio, na kuipeleka katika mtandao mwengine. Ilikuwa mithili ya mkalimani wa bandarini zama za majahazi, ambaye hana mgeni anayemshinda.

Baadaye mitandao karibu yote iliungana katika mmoja, na anwani zikawa za namna moja. Kazi ya ukalimani ikapungua, lakini mzigo wa kanuni zake ukabaki. Faili la mipangilio la Sendmail lilikuwa gumu kiasi kwamba kitabu mashuhuri cha kulielezea, katika toleo lake la pili la mwaka 1997, kilipita kurasa 1,000. Fundi wa kawaida aliogopa kuligusa. Aliliacha kama lilivyokuja na mashine, na aliyemfuata akaliacha vile vile.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Kitu kilichokuja na mashine hakikuchaguliwa na mtu yeyote wa Afisi hiyo. Kikiharibika, hapatikani aliyekiamua. Kila mmoja husema kwamba alikikuta. Utumishi wa umma hauwezi kuendeshwa kwa jibu hilo.

USIKU WA NOVEMBA 2, 1988

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia katika mtandao wa Marekani programu yenye uwezo wa kujinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyengine. Programu ya namna hiyo huitwa mnyoo. Kadirio lililoenea ni kwamba kompyuta zipatazo 6,000 ziliambukizwa, ikiwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya kompyuta zilizounganishwa katika mtandao huo wakati ule. Morris alishitakiwa na kutiwa hatiani mwaka 1990. Alipewa adhabu ya miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050.

Mnyoo huo ulikuwa na njia kadhaa za kuingilia, na mojawapo ilikuwa Sendmail. Programu hiyo ilikuwa na amri ya kusaidia mafundi katika majaribio, na katika mashine nyingi amri hiyo ilikuwa imeachwa wazi. Mtu wa nje aliweza kuitumia, kisha badala ya kutaja jina la mpokeaji akataja maagizo ya kutekelezwa na kompyuta. Tarishi akayafuata maagizo ya mgeni kana kwamba ni ya bosi wake.

Ubaya ulizidishwa na jambo moja. Kwa ada ya Unix, programu inayofungua mlango wenye namba iliyo chini ya 1024 huhitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu, ambaye kompyuta haimkatazi lolote. Kwa miaka mingi Sendmail ilikuwa programu moja kubwa iliyobeba mamlaka hayo katika sehemu kubwa ya kazi zake. Iliongea na wageni, ikasoma barua zao, ikapanga foleni na kuandika katika masanduku ya watu, ikiwa na mafungu yote ya funguo kiunoni. Kosa lolote katika kusoma barua ya mgeni liliweza kuwa kosa la nyumba nzima.

Inapasa kusemwa kwa haki kwamba watengenezaji wa Sendmail hawakukaa bure. Toleo namba 8.12 la mwaka 2001 liliyapunguza mamlaka yanayotumika wakati wa kupokea barua kutoka kwa watumiaji wa ndani. Hata hivyo mwezi wa Machi 2003 ulitangazwa mwanya mkubwa katika namna programu hiyo inavyosoma vichwa vya barua, na kabla ya mwezi huo kumalizika ukatangazwa wa pili. Mafundi duniani kote walilazimika kuziba mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

KUGAWANA KAZI NA FUNGUO

Watumishi wa uhasibu hawahitaji kufunzwa dawa ya maradhi haya. Katika Afisi yoyote inayofuata taratibu, anayeandika hati ya malipo siye anayeiidhinisha, na anayeiidhinisha siye anayehesabu fedha dirishani. Mpango huu haumtuhumu mtu yeyote kwa wizi. Shabaha yake ni kwamba kosa au udanganyifu wa mtu mmoja usiweze kulifungua sanduku zima.

Wietse Venema, mtaalamu kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha IBM nchini Marekani, aliijenga programu yake ya barua juu ya msingi huo huo. Ilitolewa kwa umma mwezi wa Disemba 1998, na jina lake ni Postfix. Badala ya programu moja kubwa, ina programu ndogo nyingi. Moja huongea na wageni katika mlango namba 25 na haifanyi jengine. Moja husafisha na kukamilisha vichwa vya barua. Moja husimamia foleni. Moja hupeleka barua nje na nyengine hutia barua katika masanduku ya ndani. Msimamizi wao huziamsha zinapohitajika na kuzipumzisha zinapokwisha kazi.

Programu inayoongea na wageni huendeshwa kwa jina la mtumiaji mnyonge asiyemiliki kitu, na inaweza kufungiwa katika chumba kimoja cha kompyuta asione vyumba vyengine. Mgeni akifanikiwa kuihadaa, atakuwa amemhadaa bawabu asiye na funguo. Mamlaka makubwa yamebakishwa kwa msimamizi na kwa yule anayetia barua katika masanduku, kwani yeye hulazimika kuandika kwa niaba ya kila mwenye sanduku.

Venema hakuwa peke yake. Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alianza kuandika Exim mwaka 1995, na D. J. Bernstein alitoa toleo la kwanza kamili la qmail mwaka 1997, baada ya matoleo ya majaribio. Mifumo yenyewe nayo ikaanza kuhama. Kampuni ya Apple iliiweka Postfix mahali pa Sendmail mwaka 2003. NetBSD iliiondoa Sendmail katika toleo la mwaka 2007. Red Hat iliifanya Postfix kuwa chaguo la mwanzo katika toleo lake la sita la mwaka 2010. OpenBSD ilihamia programu yake yenyewe, OpenSMTPD, mwaka 2014.

FreeBSD ilichelewa kuliko hao. Toleo namba 14.0, lililotoka Novemba 2023, liliifanya programu ndogo iitwayo dma kuwa tarishi wa mwanzo. Programu hiyo hupeleka barua zinazotoka ndani ya mashine, lakini haisikilizi mlango namba 25 wala haipokei barua kutoka nje. Afisi iliyozoea kuegemea kilichokuja na mashine inaweza kuweka mashine mpya na kukuta kwamba tarishi aliyekuwa akipokea hayumo tena. Uamuzi ambao Afisi haikuufanya, hufanywa na wengine walio mbali nayo, kwa sababu zao.

Wala isidhaniwe kuwa upya ni kinga. Mwezi wa Januari 2020 OpenSMTPD, iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, ilionekana ina mwanya uliomwezesha mtu wa nje kutoa amri kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Mwezi wa Disemba 2023 ilitangazwa hila ya kupenyeza barua ya uongo ndani ya barua ya kweli, na Postfix, Exim na Sendmail zote zilihitaji kurekebishwa. Mwenye kubadilisha tarishi hapumziki na ulinzi. Anapata nyumba iliyo rahisi zaidi kuilinda.

NAMNA YA KUHAMA BILA YA KUPOTEZA BARUA

Mfano unaofuata unaihusu seva ya FreeBSD inayohama kutoka Sendmail kwenda Postfix. Mifumo mengine hutofautiana katika majina ya mafaili, lakini utaratibu ni huo huo.

Kwanza, yaorodheshwe yote yanayomtegemea tarishi wa zamani. Wengi hufikiria masanduku ya watumishi tu. Husahau fomu za tovuti zinazotuma maombi ya wananchi, na husahau ripoti ambazo FreeBSD humwandikia msimamizi wake kila usiku kuhusu nafasi ya diski na majaribio ya kuingia. Programu hizi zote humwita tarishi kwa jina lake la zamani, sendmail. Watengenezaji wa Postfix walilijua hilo, wakaweka ndani yake programu yenye jina hilo hilo ili wanaoita waitikiwe. Katika FreeBSD faili dogo liitwalo mailer.conf ndilo linalosema jina hilo limwamshe nani. Wakaazi wa Unguja hawatashangaa. Darajani hakuna daraja leo, na bado kila mtu anafika.

Pili, ichukuliwe nakala rudufu ya mipangilio, ya masanduku na ya faili la majina ya badala. Faili hilo ndilo linaloonyesha kwamba anwani ya masjala ifike kwa watumishi fulani watatu. Postfix hulisoma kwa muundo ule ule. Fursa hii itumiwe kuwafuta waliostaafu na kuwaandika waliochukua nafasi zao, kwani barua nyingi zinazodaiwa kupotea huwa zimefika kwa mtu asiyekuwepo tena.

Tatu, ishughulikiwe foleni ya zamani. Sendmail huihifadhi kila barua inayongoja katika mafaili mawili, moja la maelezo ya safari na jengine la maneno yenyewe. Postfix haiyasomi. Fundi atakayeizima Sendmail na kuiwasha Postfix papo hapo atakuwa ameziacha barua hizo kabatini bila ya mtu wa kuzitoa, na ilhali dhamana yake imeshapokelewa kwa namba 250. Inavyopasa ni kuufunga mlango wa kuingilia, kuiacha Sendmail imalize kupeleka ilizonazo, na zile zinazokwama kwa sababu seva za wengine hazijibu kuziachia ziendelee kujaribiwa. Kwa kawaida Sendmail hujaribu kwa siku 5, kisha humrudishia mpelekaji. Kabla foleni hiyo haijaisha, kazi ya kuhama haijaisha.

Nne, ijulikane tofauti baina ya mlango uliofungwa na jibu la uongo. Chukulia kwamba mkaazi ametuma barua saa mbili za asubuhi, na seva ya Afisi imezimwa kwa matengenezo hadi saa nne. Seva ya mkaazi haitapata jibu; itaiweka barua katika foleni na kujaribu tena, na kanuni zinaitaka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Barua itafika ikiwa imechelewa kidogo. Sasa chukulia kwamba seva mpya imewashwa upesi upesi kabla ya majina kuingizwa. Itamjibu kwa namba 550, kwamba mtu huyo hayupo. Namba zinazoanza na 5 ni za kukataa moja kwa moja. Barua itarudi dakika hiyo hiyo, na mkaazi ataamini kwamba anwani aliyopewa na Serikali ni ya uongo. Mlango uliofungwa kwa saa mbili haumdhuru mtu. Bawabu asiyejua majina hudhuru kila anayebisha.

Postfix ina swichi ya kujikinga na hatari hiyo, inayoitwa soft_bounce. Ikiwashwa, majibu yote ya kukataa kabisa hugeuzwa kuwa majibu ya kukataa kwa muda, yanayoanza na 4, na mpelekaji hurudi tena baadaye. Iwashwe wakati wa kuhama. Fundi azisome kumbukumbu, arekebishe majina yaliyosahauliwa, kisha aizime, kwani ikiachwa milele wapelekaji wenye anwani zilizokosewa hungoja siku nyingi bila ya kuambiwa ukweli.

Tano, ihakikishwe kwamba anayetia barua na anayezisoma wanatazama sanduku moja. Kuna namna mbili kubwa za kuhifadhi barua: barua zote katika faili moja, au kila barua na faili lake ndani ya folda. Katika Postfix tofauti ya namna hizo inaweza kuwa mkwaju mmoja tu mwishoni mwa jina la sanduku. Mkwaju ukisahauliwa, barua zitaendelea kufika salama mahali ambapo programu ya kusomea haipaangalii, na watumishi wataripoti kwamba hawajaandikiwa na mtu.

Sita, tarishi asibebe mizigo ya wapitanjia. Zamani seva nyingi zilikubali kumpelekea yeyote barua yake popote, kwa ujirani mwema. Wauzaji wa barua za takataka wakautumia ujirani huo, na Sendmail ikauzima uhuru huo katika toleo namba 8.9 la mwaka 1998. Postfix nayo hukataa kwa mpangilio wake wa kawaida, lakini fundi anayeandika kwa haraka orodha ya mitandao anayoiamini anaweza kuufungua mlango kwa dunia nzima. Seva ikishaandikwa katika orodha za wabaya, barua za haki za Afisi hiyo hukataliwa na wengine. Jaribio lifanywe kutoka nje ya mtandao wa Serikali, kwa kuwa jaribio la ndani halithibitishi kitu.

Saba, ikiwa seva inahamia mashine yenye namba nyengine ya mtandao, daftari la majina ya intaneti lirekebishwe mapema. Muda wa kuhifadhiwa kwa maelezo hayo upunguzwe siku kadhaa kabla, kutoka saa 24 hadi saa moja, ili dunia iipate namba mpya upesi. Orodha inayotangaza seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la Afisi nayo itengenezwe, la sivyo barua za Afisi zitahesabiwa kuwa za kughushi.

Nane, itayarishwe njia ya kurudi. Programu ya zamani isifutwe siku ya kuhama. Kurudi ni suala la kurejesha mistari michache katika mailer.conf na kuiwasha huduma ya awali. Mwenye njia ya kurudi hufanya kazi kwa utulivu, na mwenye kufanya kazi kwa utulivu hukosea kidogo.

DAFTARI LA DISPACHI LA SEVA

Postfix huipa kila barua namba yake, na huandika katika faili la kumbukumbu saa iliyofika, imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na mwisho wake: imepelekwa, imeahirishwa, au imerudishwa, pamoja na jibu lililotolewa na seva ya upande wa pili. Hilo ndilo daftari la dispachi la zama hizi.

Katika Afisi nyingi duniani daftari hilo husomwa na fundi peke yake, na yeye hulisoma pale tu mambo yanapoharibika. Karani wa masjala anapoulizwa na mwananchi iwapo barua yake imefika, hujibu kwamba atume tena. Jibu hilo halistahiki. Kwa anwani ya mpelekaji na tarehe, fundi anaweza kusema katika dakika chache iwapo barua ilifika, saa ngapi, na iliwekwa katika sanduku la nani. Ikiwa ilifika, suali linahama kutoka kwa mashine kwenda kwa mtumishi mwenye sanduku hilo, na pengine ndiyo sababu daftari halipendwi.

Faida kubwa ya kubadilisha seva ya barua kwa utaratibu iko hapa. Usalama unaongezeka, na hilo ni jambo la maana. Lakini zaidi ya hilo, Afisi inalazimika kujua barua zake zinapita wapi, ni nani anazipokea na nani anawajibika nazo. Seva iliyorithiwa haiulizi masuali hayo.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Wakuu wa Idara, mafundi na makarani wanakumbushwa yafuatayo:

1. Kila seva ya barua iwe na mtumishi mmoja aliyeandikiwa dhamana yake, na msaidizi wake. Jina la programu, sababu ya kuichagua na tarehe ya kuiweka viandikwe katika jalada.

2. Hakuna seva itakayobadilishwa siku ya mwisho wa juma, wala mkesha wa sikukuu, wala wiki ya malipo ya mishahara au pencheni.

3. Watumishi na wananchi watangaziwe saa za kufungwa kwa mlango angalau siku 3 kabla, kwa ubao wa matangazo na kwa masheha. Tangazo lisiletwe kwa barua pepe peke yake.

4. Kumbukumbu za seva zihifadhiwe kwa muda uliopangwa, na karani wa masjala awe na haki ya kuuliza na kujibiwa siku hiyo hiyo.

5. Marekebisho ya usalama yawekwe yanapotolewa. Seva mpya isiyorekebishwa kwa miaka 2 haina ubora juu ya ile ya zamani.

6. Anwani ya postmaster ipokelewe na mtu anayeisoma. Kanuni za SMTP zinaitaka kila seva inayopokea barua kuwa nayo, na imewekwa makusudi kwa ajili ya yule ambaye barua zake hazifiki kwengine kote.

Kwa upande wa wakaazi, mambo ni machache. Anayeandika Serikalini ahifadhi nakala ya alichokiandika pamoja na tarehe. Barua ikirudi, asiifute. Maneno ya Kiingereza na namba zilizomo ndani yake, hasa ile inayoanza na 4 au 5, ndiyo ushahidi wa mahali ilipokwama. Aichapishe au aionyeshe kwa karani. Na asipojibiwa kwa muda wa kawaida, anayo haki ya kuuliza iwapo barua yake imo katika daftari.

Ndugu Watumishi na Ndugu Wakaazi, mwenye kubisha hodi katika Afisi ya Serikali anastahiki mojawapo ya mambo mawili: kufunguliwa, au kuambiwa wazi kwamba mlango huo sio. Tarishi wa zamani alilijua hilo, ndiyo maana alitembea na daftari mkononi. Seva inayochaguliwa, kuwekwa na kulindwa kwa utaratibu inaweza kuitimiza kazi hiyo hiyo, usiku na mchana, kwa kila mkaazi wa Unguja na Pemba.